Korosho mbichi: Bunge liliulizwa lini?

KoroshoZaBarani, Malindi

Asalaam aleikum wenzangu. Nina swali, lakini kwanza niseme mimi ni nani, maana humu mtu akitaja korosho huambiwa ni kibaraka wa kiwanda ama ni dalali.

Nakaa Barani hapa Malindi, mama wa watoto watatu, kazi yangu kuchoma korosho. Kiwanda sina. Nina karai moja kubwa ambalo fundi wa bati alinitobolea matundu, mafiga matatu, na makumbi ya nazi. Kaskazi ikishika, nanunua korosho mbichi Msabaha, Ganda, na mwaka mbaya hadi Marafa. Naanika, nachoma, tunavunja mimi na wifi yangu, mwanangu anazitembeza stendi na kule ufuoni.

Asiyewahi kuchoma hajui. Ganda la korosho lina mafuta, na yale mafuta yakipata moto yanalipuka, karai zima linawaka, moshi mweusi, jirani anafunga madirisha huku akisema maneno. Hapo kwenye kuwaka ndipo penyewe. Ukimwaga mapema, kokwa ni mbichi. Ukizubaa kidogo tu, umechoma makaa. Unazimwaga mchangani unazifukia, mchanga unywe mafuta, kisha ndipo uvunje moja moja kwa jiwe bila kuipasua kokwa. Mikono twajipaka majivu, na bado vidole vyangu vina madoa hayatoki. Nikienda harusini watu wadhani ni hina iliyoharibika. Kilo nne mbichi zanipa kilo moja ya kokwa, na hiyo ni hesabu ya msimu mwema.

Sasa. Msimu uliopita nilipanda gari kwenda Marafa na magunia matupu kumi. Nilirudi na mawili. Mzee ninayenunua kwake nikifika huko akaniambia lori lilikuja usiku, watu wamelipa papo hapo, shilingi kumi juu ya bei yangu kwa kila kilo, wakazoa zote, hata zilizookotwa siku ile zikiwa na unyevu. Nikamuuliza zaenda wapi. Bandarini. Zavunjwa wapi? Hazivunjwi, zaenda hivyo hivyo. Na karatasi je? Akacheka. "Wasema ruhusa iko, imetoka juu."

Mzee simlaumu, shilingi kumi ni shilingi kumi. Lakini hiyo "imetoka juu" imenikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Kijana mmoja wa saiba, duka la kompyuta, aliniprintia ile Sheria ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya 2013. Kifungu cha 43: korosho mbichi, makadamia mbichi, pareto na biksa (ile mbegu ya rangi) hazitoki nje ya nchi ila kwa idhini ya maandishi ya Waziri, na Bunge la Taifa liwe limekubali. Nimesoma mara tatu, nikampa na wifi yangu asome asije akasema naota. Waziri peke yake hatoshi.

Basi kama ruhusa iko, Bunge liliulizwa lini na nani aliitikia? Na kama haiko, nani wa kumuuliza waziri? Ofisi moja hapa mjini ilinipeleka ya pili, ya pili ikaniambia "hayo ni ya Nairobi". Nikampata msaidizi wa mheshimiwa mmoja, akasema nimtumie kwa WhatsApp. Nimetuma. Tiki mbili za buluu, basi.

Mtu kama mimi yuaweza kulifanya Bunge liulize?

---

Nakhodha_Amu

Waaleikum salaam dada. Bunge lisikuumize kitwa. Nenda kotini.

Sisi hapa Amu, yaani Lamu, bandari mpya ilipoanza, mikoko yafyekwa, mai ya mkondo wa Manda yachimbwa hadi yakawa kama chai ya maziwa, hatukungoja mheshimiwa. Watu walifungua kesi 2012. Hukumu ikatoka 2018, Mahakama Kuu hapo hapo Malindi kwenu: wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na majaji wakasema wazi kwamba watu hawakuhusishwa inavyotakiwa. Gati la kwanza nalo likafunguliwa Mei 2021. Angalia ni nani aliyesema neno la maana kati ya hapo. Ni majaji.

Bunge ni la kupitisha. Kuuliza walishasahau. Mimi nimevua kamba na pweza tangu nikiwa na miaka 14, na kila sheria ya uvuvi nimeijua siku ya kukamatwa.

---

Mkulima_Marafa

Mama Korosho, nakuheshimu lakini leo nitasema. Huenda huyo mzee ni jirani yangu.

Nina mikorosho 60, mingi ilipandwa na babu. Wakati kile kiwanda kikubwa cha Kilifi kikifanya kazi tulikuwa na pa kupeleka. Kikasimama. Halafu 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza mbichi nje, waziri wa kilimo wakati huo akiwa William Ruto, huyu huyu Rais wa leo, eti viwanda vya ndani vipate malighafi. Viwanda gani? Huku kwetu hakikuja hata kimoja. Tulichopata ni bei ya kuamuliwa na wachomaji na madalali wadogo wanaokuja na mizani iliyofungwa waya ipunguze kilo. Sisemi wewe. Nasema wako.

Mwaka lori likija, nalipa karo. Mwaka lisipokuja, korosho nauza kwa bei ya kusikitikiwa na mabibo, yale matunda yake, nawapa mbuzi. Wenzangu wawili wamekata miti wamepanda mahindi, na mahindi yenyewe, mwaijua mvua ya huku kwetu Magarini.

Sasa wataka Bunge lije lifunge hata hilo lori? Uliza pia marufuku ile, mkulima wa Marafa aliulizwa lini.

---

KoroshoZaBarani

Ndugu yangu Mkulima, umenichoma kuliko karai, lakini haki ni yako kusema. Marehemu baba alikuwa na miti Msabaha, arobaini. Tumebaki na 28. Kumi na miwili ilikwenda makaa mwaka wa ukame, na nikwambie aliyeitafuta misumeno ni mimi. Kwa hivyo bei ya chini naijua kutoka pande zote mbili.

Sijasema lori lifungwe. Hiyo shilingi kumi hata mimi ningeipokea. Ninalosema, kama marufuku haifai basi iondolewe mchana, Bungeni, kila mtu akisikia, na mimi nijue msimu ujao nanunua kwa bei gani ama nifunge jiko nikauze viazi karai. Hili la lori saa saba usiku na "imetoka juu" halinisaidii mimi wala wewe. Mwaka huu wamekupa kumi zaidi. Mwakani wakikwambia "ruhusa imefungwa, tupe kwa nusu bei tujitoe muhanga", utaangalia karatasi gani?

Na hilo swali lako, mkulima aliulizwa lini, nalichukua. Ni zuri kuliko langu.

---

KaraniMstaafu, Mambrui

Mwanangu wa Barani, nimesoma yote. Nilikuwa karani wa mahakama miaka 27, sasa nafuga ng'ombe wawili na nakosoa barua za watu bure. Nisikilize kidogo.

Nakhodha asikukimbize kotini. Kesi yao ilikuwa ya haki na walishinda, lakini hesabu: kufungua 2012, hukumu 2018. Aliyezaliwa siku ya kufungua alikuwa ashaanza shule. Halafu kuna jambo watu hawalijui. Ombi la kwenda Bungeni ni lazima liseme kama jambo lenyewe liko mbele ya mahakama. Ukitangulia kotini, Bunge linaweza kukwambia nenda ukamalizane na hakimu kwanza. Anza na mlango rahisi.

Na mlango rahisi hata si Bunge. Ni karatasi. Wewe hujui kama idhini iko au haiko, na ukienda mbele ya kamati na habari ya lori la usiku, watakupa maji ya chupa na watakushukuru kwa kufika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Andika kwa Wizara ya Kilimo na nakala kwa hiyo Mamlaka ya Kilimo na Chakula yenyewe. Uliza mambo matatu, kwa nambari, bila hadithi: je, kuna idhini ya maandishi ya kusafirisha korosho mbichi, na ni ya tarehe gani? Bunge la Taifa liliikubali tarehe gani? Ni tani ngapi, na muda wake unaisha lini? Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi.

Wakati unangoja, mtume yule kijana wa saiba kwenye tovuti ya Bunge, Hansard, yaani kumbukumbu za yote yanayosemwa ukumbini, ziko wazi. Bunge halikubali kwa kunong'ona. Likikubali kitu kuna hoja, kuna siku, kuna aliyesimama akaitoa. Mwambie aanzie mwishoni mwa 2023, waziri wa kilimo alipofungua makadamia mbichi kwa muda, maana kifungu ni kile kile cha 43. Asome wabunge wa Mlima Kenya, kunakolimwa makadamia, walisema nini, kamati ilifanya nini. Wakulima wa makadamia na wenye viwanda walivutana vivyo hivyo kama mnavyovutana wewe na Mkulima hapa, ila wao walikuwa na vyama na mawakili.

Kuna na njia nyingine ya kuangalia. Waziri akitoa kanuni au tangazo lenye nguvu ya sheria, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka aliwasilishe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa. Asipowasilisha, zile siku zikipita tangazo linakufa lenyewe. Iko kamati nzima ambayo kazi yake ni kusoma kanuni za mawaziri na kusema hii ndiyo, hii hapana. Ni kamati isiyo na kelele, waandishi wa habari hawaendi, lakini mimi ningekuwa mfanyabiashara ningeiogopa kuliko zote.

Sasa ombi lenyewe. Kifungu cha 119 cha Katiba: kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila mtu, hawakusema aliyesoma. Sheria ya utaratibu wake ni ya 2012 na inaruhusu Kiswahili, kwa hivyo usimlipe mtu akufasirie. Linaandikwa kwa mkono au kuchapwa, lisiwe na mikwaruzo ya kufutafuta, na lugha iwe ya adabu. Usiandike "wezi". Najua ni tamu, usiandike. Sema umeshajaribu wapi na umejibiwa nini, na hapa ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi yake. Sema kama kuna kesi au hakuna. Kisha mwisho, hili ndilo watu hulikosea, useme *unaomba Bunge lifanye nini*. Nimeona barua kurasa nane za machozi, mwisho wake "tunaomba mtusaidie". Kusaidia vipi? Omba jambo moja, mawili yakizidi. Weka jina, anwani, nambari ya kitambulisho, sahihi. Asiyejua kuandika anatia dole gumba.

Sahihi zikiwa nyingi, nawashauri watu waandike ombi lenyewe tena juu ya kila karatasi ya sahihi. Kuna mzee hapa alisahihi karatasi tupu akidhani ni ya maji, kumbe ni ya kumpongeza mtu.

Linakwenda kwa Karani wa Bunge la Taifa. Ana siku saba za kuangalia kama limetimia, kisha kwa Spika, kisha kwa kamati. Mbunge anaweza kukuwasilishia, lakini si lazima, kwa hivyo hizo tiki za buluu zisikunyime usingizi. Swali la ukumbini ndilo mbunge peke yake anaweza kuuliza, na tangu 2023 mawaziri wenyewe hufika ukumbini kujibu. Lakini ukumbini waziri ana dakika zake, anajibu, anakaa. Kwenye kamati anakalishwa. Kifungu cha 153 kinamlazimu kufika akiitwa na kujibu lolote lililo chini yake, na cha 125 kinaipa kamati nguvu za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai hati. Ukiomba "kamati imtake Waziri alete nakala ya idhini na hesabu ya tani", umeomba kitu ambacho ama kitaletwa ama kutoletwa kwake kutaandikwa.

Usiende Bunge la Kaunti kwa hili. Kilimo cha shambani na leseni za soko ni zao, biashara ya nje ni ya serikali kuu. MCA wako, mwakilishi wa wadi, atakupokea vizuri na atapiga picha nawe.

---

Mwana_Newala

Habari za huko pwani. Mimi ni mtu wa Newala, Mtwara, korosho ndiyo iliyonisomesha. Nyinyi mnasema kuvunja, sisi tunasema kubangua. Mbichi tunaita ghafi.

Nawapa kisa cha kwetu, Bunge likiuliza na lisiposikilizwa. Juni 2018, Bunge la bajeti Dodoma. Zamani ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ulikuwa unagawanywa: asilimia 65 inarudi kwenye zao lenyewe, salfa ya kupulizia mikorosho, mbegu, utafiti, asilimia 35 inaenda serikalini. Muswada wa Fedha ukaja kusema zote ziende Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa Lindi na Mtwara walisimama, wa chama tawala na wa upinzani pamoja, kitu ambacho hukioni kila siku. Wakauliza hela za zao ziko wapi, wakaambiwa maneno makali. Muswada ukapita.

Msimu wa mwaka ule ule wanunuzi wakatoa bei ndogo mnadani, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akasema serikali inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba. Waziri wa kilimo na waziri wa biashara wakaondolewa siku moja. Mimi niliona malori ya jeshi yamepanga mstari barabarani, tukapiga makofi. Lakini kulikuwa na uhakiki wa mashamba kwanza, na baba alingoja malipo yake hadi tukaanza kukopa chumvi.

Ninachomwambia dada: wale wabunge walishindwa, ila maswali yao yamebaki kwenye Hansard. Wakulima wetu mpaka leo wanawataja kwa majina walioongea na walionyamaza. Huko kwenu hata swali lenyewe bado.

Na Mkulima wa Marafa, usidhani ghafi ni dawa. Sisi serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua, vingi vikaja kuwa maghala. Bei ya ghafi tunaipangiwa na wanunuzi wa India na Vietnam. Tumejaliwa stakabadhi ghalani, korosho unaziweka ghalani unapewa risiti, na mnada, mkulima anaisikia bei ikitajwa. Ninyi mna lori la usiku.

---

MwanaAmu_Leicester

Nakhodha nakusalimu, mimi ni mjukuu wa Langoni, nimepotelea Uingereza.

Neno fupi. Msidhani kwa wenzetu mabunge yanalala macho. Mkataba wa biashara wa Kenya na Uingereza ulisainiwa London tarehe 8 Desemba 2020. Huku sheria yao ya 2010 inasema mkataba ukae mezani siku 21 za vikao. Zikipita kimya bila Bunge kupinga, serikali inaendelea. Kimya ni ndiyo. Walikuwa na kamati yao ya biashara ya kimataifa, 2023 ikavunjwa, kazi ikahamia kamati moja ya biashara ya ndani na ya nje kwa pamoja. Ila jambo moja nalipenda: kamati za hapa hupokea maandishi ya mtu yeyote na mara nyingi huyachapisha. Niliona ya mwenye duka la samaki yamewekwa kando kwa kando na ya kampuni kubwa.

Na huo wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulisainiwa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 1, 2024. Sheria ya Kenya ya mikataba ya 2012 inaitaka kamati ihusishe umma kabla ya kuridhia. Hapo Barani kuna aliyeulizwa? Nauliza tu.

Korosho za supamaketi yangu pakiti zimeandikwa Vietnam. Labda zimepita Marafa.

---

KoroshoZaBarani

MwanaAmu, hiyo ya mwisho nimemsomea wifi yangu, ameacha jiwe chini. Na hapana, hapa Barani hatukuulizwa. Labda waliuliza Barani nyingine.

Karani, Mungu akuweke. Nimefanya kama ulivyosema. Barua imekwenda, maswali matatu kwa nambari, bila hadithi, ingawa kulikata lile la lori kuliniuma. Nakala yenye muhuri nimeitia ndani ya Kurani ya baba, hapo hakuna mtu atafungia maandazi. Siku ya ishirini na moja nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya duka la mbao.

Kijana wa saiba anasoma Hansard za makadamia. Ameniambia ni ndefu na watu wanakatizana sana, lakini anasoma. Nimemlipa kwa korosho.

Ombi nimeanza kuliandika. Sehemu ya mwisho kwa sasa inasema hivi:

*"Kwa hivyo waombaji wako kwa unyenyekevu wanaomba Bunge hili, kupitia kamati inayohusika: kwanza, limtake Waziri alete nakala ya idhini yoyote ya kusafirisha korosho mbichi aliyotoa chini ya kifungu cha 43, pamoja na tarehe ambayo Bunge liliikubali, pili, liwasikilize wakulima na wachomaji wa korosho wa Kilifi na Lamu, katika Kilifi na Lamu, kabla ya kuamua kama marufuku ibaki au iondolewe."*

Hapo "katika Kilifi na Lamu" ndipo pamenichukua usiku mzima. Nairobi nauli mimi sina, na Mkulima najua hana.

Lina shida moja tu. Mama yangu ana miaka 81, amechoma korosho tangu kabla sijazaliwa, yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu moto. Anataka awe wa kwanza kutia dole. Lakini yale mafuta yamemla alama za vidole. Alipokwenda kusajili laini ya simu mashine ilimkataa mara sita, kijana akamwambia bibi huna vidole. Karani, dole lisilo na alama linakubalika?

---

KaraniMstaafu, Mambrui

Linakubalika. Andika jina lake kando, nambari ya kitambulisho, na shahidi wawili waliomuona akitia. Wino utie mwingi.

Na pale juu uliandika "wafanyabiashara wenye tamaa". Ondoa "wenye tamaa".

---

Nakhodha_Amu

Mimi bado nasema koti. Lakini Lamu iko ndani ya ombi, na huku kwetu Hindi na Witu kuna mikorosho ya watu, na binamu yangu yuko Hindi. Nitumie karatasi mbili. Zitarudi na basi, si na jahazi, usiwe na wasiwasi.

---

Mkulima_Marafa

Hiyo ya pili iwe ya kwanza. Wakulima mbele, nakala ya Waziri nyuma. Na wakulima waandikwe kabla ya wachomaji.

---

KoroshoZaBarani

Wakulima mtaandikwa mbele. Nakala ya Waziri haisogei, bila hiyo hatujui tunasikilizwa kuhusu nini. Naja Marafa Jumamosi na karatasi na kidau cha wino. Waite na wale wanaolipenda lori.

---

Mkulima_Marafa

Wapo wengi. Njoo mapema, jua halijawa kali, kwa mzee yule yule.

Na uje na magunia. Kuna kilo thelathini na kitu hatukuwapa wale watu. Mizani lete yako, ile isiyo na waya.